Namna Madame alifika Mabalako

Hii safari inanionesha kama mujinga, na ninaisema mbele mimi mwenyewe. Juu kama mi nitanyamaza, ndugu yangu Muhindo ndiye ataisema, na Muhindo anasemaka muzuri kunipita. Mateso yote ya njia yangu ilitokea mu hiyo neno tu. Beye ba Masereka mulisha kusikia yake. Sasa musikie yangu.

Niliondoka juu ya Masika. Vita ilipofika kwabo Mabalako, yeye na mama yake balikimbilia kwetu ku mulima, bakapanga kwa jirani, mupaka baridi ya Masereka ikabafundisha kulala na soksi. Asubui nilikuwa namuchekesha ku chemchem, yeye anacheka mupaka maji inamwangika. Nikajua: mutu akimwanga maji ya kichwa juu yako, hiyo si kicheko ya bure. Alafu kwabo ikatulia kidogo, bakarudia. Nyuma ya kuvuna viazi, baba yake, Mzee Katembo, akatuma neno: kijana kama iko na nia, alete mahari.

Kwetu Banande mahari ni mbuzi. Lakini kupeleka mbuzi kutoka Masereka mupaka Mabalako wakati ile ilikuwa kichekesho. Kila bariere, kizuizi ya basoda benye bunduki, inachukua mbuzi moya. Unatoka na kundi, unafika na kamba. Unamusalimia baba mukwe, unamupatia kamba. Mzee Katembo ni mutu ya akili, akasema basi, kijana alete ngombe moya jike. Ngombe, soda hawezi kumukata muguu moya alafu akuachie uendelee na ingine.

Ngombe nilikuwa naye. Tangu nilimaliza primaire nilichunga bangombe ya mujomba yangu, na yeye akanilipa na mutamba moya, ngombe kijana mwenye hajazaa bado. Uso mweupe, miguu mieusi kama amevaa soksi, na anatembea polepole kama bibi ya administrateur. Nilimuita Madame.

Ilibakia kutafuta mutu ya kusema. Kwetu kijana hapana semaka mahari yake mwenyewe. Ukifika kwa bakwe unaikala chini, unaangalia vidole ya miguu yako, na mutu ingine ndiye kinywa yako. Musichana naye hapana sema na weye uso kwa uso mupaka mahari ipokelewe. Ni kazi ya bazee, hiyo. Lakini bazee bote ya ukoo baliangalia njia, bakaangalia miguu yabo, bakasema tungoje vita iishe. Donc Mama akachagua Muhindo, mutoto ya baba yangu mukubwa.

Muhindo alifika mupaka mwaka ya ine ya secondaire. Mi nilifika mwaka ya sita ya primaire, na hata pale nilifika juu directeur alichoka kuniona mu ya tano. Yeye ni murefu, iko na koti, iko na sauti ya kanisa. Akisema "bonjour" hata kuku inageuka.

Nikamuambia Mama: "Unatuma huyu kwa muchumba yangu? Ni sawa kutuma paka achunge nyama."

Mama akasema: "Weye ukisema, batacheka. Yeye akisema, batasikia. Unataka bibi ao unataka kicheko?"

Nilitaka byote mbili, lakini sikumujibu.

Kutoka Masereka mupaka Butembo tulitembea mu ukungu, mi mbele na kamba, Madame kati, Muhindo nyuma na viatu yake mu mukono juu hapana taka ichafuke. Kila tulipopita, batu banasalimia yeye. Mi niko mbele, mi niko na ngombe, lakini salamu inaniruka inaenda kwa mutu ya viatu. Mu soko ya Butembo mama moya muuza ndizi akamupatia ndizi bure, juu eti anafanana na kaka yake. Nikamuuliza: "Mama, na mimi nafanana na nani?" Akaniangalia, akaangalia Madame, akasema: "Weye unafanana na mutu ya kazi."

Muhindo akakula ndizi moya, na ile ingine akamupatia Madame, maganda na yote. Madame akamulamba mukono. Niliweka hiyo mu roho. Mutaona namna ilitoka.

Njia ya Beni inashuka. Unaacha baridi polepole, kama mutu anavua nguo: mbele koti, alafu chemise, alafu unatamani hata ngozi. Viazi inapotea, migazi, ile michikichi ya mafuta, inakuya, kahawa, migomba mikubwa, na jasho. Mu njia tulikuta bariere, kamba na mwanzi, na soda moya kijana ameikala juu ya kiti ya kanisa, sijui aliipata wapi.

"Ndeko, ndugu yangu, na huyu nani?" akauliza.

"Madame, chef," nikajibu.

"Madame iko na carte d'identité, kitambulisho?"

"Iko nayo, chef. Angalia mu sikio."

Soda akasimama kabisa, akashika sikio ya Madame, akachungulia. Madame akatikisa kichwa, akamupiga mate ku uso. Bale bengine balicheka mupaka moya akaangusha bunduki. Ule kijana naye akacheka, akapanguza uso, akasema na Lingala: "Tika baleka," bapite tu. Tukapita bure, hata sigara hapana toa. Muhindo akanipiga ku bega: "Kasereka, leo umefanya kazi." Ile siku tu mu safari yote nilimupenda.

Beni tulipanga kwa Papa Ramazani, muislamu moya mwenye lori, Muhindo alikuwaka anamusaidia kupakia maragi, maharagwe ya kuuza. Tulitaka kupita kesho yake, lakini tukasikia risasi inalia upande ya Mabalako, njia ikafungwa. Papa Ramazani akasema: "Lori yangu yenyewe inalala, beye na ngombe mutaenda na nini? Mungoje." Basi tukangoja siku kadhaa, na kila siku bibi yake anamuuliza Muhindo kama ameshiba. Mi ananizania sina tumbo.

Pale chini ya parcelle, kiwanja yake, kulikuwa na mutoni kadogo, pahali bale chauffeurs banaosha malori, na majani mingi ya laini, na matope meusi. Saa jua inataka kulala, tududu tunatoka pale mu matope. Hapana mbu. Mbu ni muzee, unamuona, unamusikia anaimba. Hii ni tudogo kama vumbi ya unga ya muhogo. Hautuone, unasikia tu ku sikio moto kama mutu amekuzimia sigara. Batu ba kitabu banatuitaka usubi. Kwetu ku mulima hatutujue, baridi hapana turuhusu.

Siku ya kwanza tu, Papa Ramazani akaniambia: "Kijana, saa ya mangaribi mutoe ngombe yako kule chini. Mulete hapa pembeni ya jiko, mu moshi. Huku bangombe banaota moto kama bazee."

Kama angenyamazia pale, ningefanya. Lakini Muhindo akaongeza: "Ndiyo, Kasereka, muzee anasema kweli. Tumulete mu moshi."

Ile "tumulete" ikaniunguza. Tumulete na nani? Ngombe ni ya nani? Na angalia akili yangu namna ilitembea: huyu koti yake imefuliwa, imepigwa pasi na bibi ya Papa Ramazani. Sasa anataka Madame akuwe mweusi na anukie moshi kama samaki ya Vitshumbi. Tukifika Mabalako, Masika ataangalia nani? Ataangalia koti.

Nikasema: "Madame yangu hapana lala mu jiko. Si sufuria."

Nikamufunga kule chini, mu majani ya laini, mangaribi na asubui mapema, na nikamuogesha mu mutoni mupaka akang'aa. Alikuwa anapiga mukia na masikio, anapiga miguu chini. Mi nilizania anacheza. Nilikuwa namuambia: "Cheza tu, mama. Utakuwa muzuri kushinda koti."

Nyuma njia ikafunguka, tukafika Mabalako. Mzee Katembo ni mutu mufupi wa nguvu, mbele ya vita alikuwaka na bangombe, alafu basoda bakamusaidia kubamaliza, ikabakia moya muzee, kilema. Alizunguka Madame mara mbili. Akamushika mugongo, akamufungua kinywa, akasema "mmm." Hiyo "mmm" ilikuwa tamu kupita kasiksi, pombe ya ndizi.

Tukaingia mu nyumba. Mi nikaikala chini, nikaangalia vidole yangu ya miguu. Muhindo akasimama, akaanza. Aliamkia bazee, aliamkia bamama, aliamkia benye balikufa, alisema sisi tumeona moto kutoka mbali na tumekuya kuomba kaa moya ya kuwasha kwetu. Bazee banaitika tu: "Sema, kijana." Hata mi nilitaka kumupatia binti.

Alafu akasema: "Bazee, huyu ngombe alipita mu bariere zote. Soda moya alimuuliza carte d'identité. Tukamuambia: angalia mu sikio."

Nyumba yote ikapasuka. Na nyuma ya mulango ya jiko nikasikia kicheko moya naijua, ile ya kumwanga maji.

Hiyo neno ni yangu. Mi ndiye niliitoa, mbele ya bunduki. Na siwezi kusema ni yangu, juu mi sina kinywa mu hiyo nyumba. Naangalia kidole kikubwa ya muguu, kidole nacho kinaniangalia. Muhindo alisema "tukamuambia." Lakini Masika anajua tu mudomo wenye ulitoa maneno.

Bakatuambia tulale, kesho ngombe itapokelewa mbele ya ukoo.

Asubui nikaenda kumuona Madame. Hapana kula. Alikuwa anatetemeka, mate inatoka kama kamba, macho inatoa machozi, sikio ya moto. Nikamuvuta atembee: anachechemea muguu ya mbele. Hatua kidogo tena, ile ya mbele imepona, anachechemea ya nyuma. Kama mutu anakuchezea. Alafu akapiga magoti, akalala upande, akapumua nguvu. Ukoo umevaa nguo ya muzuri, na mahari yangu imelala mu majani inalia.

Mzee Katembo akakuya, akaikala juu ya muti yenye ilianguka, akasema kwa Muhindo, juu ni Muhindo ndiye kinywa: "Ambia kijana, siwezi kupokea ngombe ya kulala. Tungoje tuone."

Nikakimbia kutafuta dawa yangu. Kwetu ngombe ikilala tunaitilia mu kinywa: munyu, majivu, na kasiksi ya muchungu, mu chupa. Nilipozunguka jiko na chupa yangu, ndio nikaona. Masika amesimama nyuma ya jiko na Muhindo. Anamusemesha pole pole, mukono moya ku kifua yake mwenyewe, kama anamuonesha kitu. Muhindo anaitika, ameinamisha kichwa karibu yake. Mi, mwenye ngombe, mwenye safari, mwenye kicheko, sijasikia sauti yake hata bonjour moya depuis nimefika.

Nilirudi kwa Madame, nikamuinua kichwa, nikaweka chupa ku kinywa. Muhindo akafika anakimbia.

"Kasereka, hapana. Hapana mwangia mu kinywa. Hawezi kumeza, itaingia mu mapafu, atakufa."

"Nani alikuambia?"

Akaangalia upande ya jiko.

"Nani alikuambia, Muhindo?"

"Mi nakuambia tu. Tumulalishe juu ya kifua, hapana upande. Na tuwashe moshi."

Nikasimama. Ndizi ya Butembo ikapanda, koti ikapanda, carte d'identité ikapanda, byote mara moya. Nikasahau vidole ya miguu. Nikasema mbele ya Mzee Katembo, mbele ya ukoo na nguo yabo ya muzuri:

"Huyu ndiye alilisha ngombe yangu ndizi mu njia. Sijui alitia nini ndani. Sasa anakataza dawa, ili afe na mimi nirudie na kamba. Basi sawa. Kama Madame anakufa, abaki na Masika, huyu mwenye anasemaka naye nyuma ya jiko. Wanaoana vizuri. Koti na kicheko."

Kuku moya ilipita. Nilikuwa bado na chupa mu mukono.

Masika akatoka mu jiko amebeba chungu ya makaa na majani mabichi juu, moshi inamufunika uso. Akaweka chungu upande ya Madame. Akakuya mupaka kwangu, akanitoa chupa, akamwanga yote chini, karibu ya miguu yangu. Alafu akageukia baba yake, hapana kwangu.

"Baba, mi ndiye nilimuambia. Ni ile ugonjwa ya siku tatu, yenye iliangusha ngombe yetu ile mwaka, na yule mudogo tulimutilia maji mu kinywa akakufa. Kusema na muchumba munanikataza. Kusema na kinywa yake hamukunikataza."

Akarudia mu jiko.

Mzee Katembo akakaa anaangalia moshi. Nyuma akasema, na ile mara aliniangalia mimi mwenyewe: "Kijana, umepatia mutu ingine binti yangu, mu parcelle yangu mwenyewe. Sijaona hiyo depuis nizaliwe. Sasa tutangoja ngombe. Akikufa, maneno yako inabaki vile uliisema, na unarudia kwenu. Akisimama, tutaikala tena."

Basi mi nilikaa na Madame. Kazi yangu ilikuwa kumusukuma alale juu ya kifua, kumugeuza upande ule, upande huu, kumuweka kivuli, kumufukuzia tududu na jani ya mugomba, kuchochea moshi saa jua inalala na saa inatoka. Macho yangu ikakuwa mwekundu. Nilinukia kama samaki ya Vitshumbi, mimi sasa. Muhindo alikuwa anakula bugali na sombe, majani ya muhogo, mu nyumba na Mzee Katembo, nawasikia bakicheka. Alafu alikuwa anatoka, anavua koti, anaitundika ku muti, na ananisaidia kusukuma ngombe bila kusema neno. Hiyo ilinikasirisha kupita yote. Ningependa anitukane.

Masika alikuwa anakuya kubadilisha majani mu chungu. Hapana niangalia. Anaikala karibu ya Madame, anamupapasa ku uso pale pa mweupe, anamuitia jina yake ku sikio. Mi nimelala kule upande ingine, nikaona vile Madame anafunga macho, na nikasikia wivu juu ya ngombe yangu mwenyewe. Nilitaka hata mi nichechemee kidogo.

Siku ya pili alikuwa vile vile. Mate, machozi, kupumua. Mzee Katembo alipita, akatikisa kichwa. Nilifikiri namna nitapanda ile mulima na kamba tupu, Muhindo nyuma yangu, batu banamusalimia.

Siku ya tatu asubui nililala usingizi kidogo, nikaamuka juu ya kelele. Mama ya Masika alikuwa anapiga kelele: "Masombe yangu." Madame alikuwa amesimama mu shamba yake, amelegea kama mutu ametoka mu hospitali, lakini amesimama, miguu yote ine, anakula masombe ya mama mukwe na munyororo ya mate bado ku mudomo. Sijapata kuona mutu akiiba muzuri vile.

Ukoo ukaikala tena. Mzee Katembo akasema: "Ngombe imesimama. Sasa nani anasimama juu ya maneno ya huyu kijana?"

Nikafungua kinywa. Akanyoosha kidole: "Weye hapana kinywa hapa. Ulishatumia."

Na kweli, kwetu ni vile. Kuomba pardon kwa bakwe, mutu mwenye alikusemea ndiye anaomba. Bote baligeuka kumuangalia Muhindo. Ndiyo namna Muhindo alisimama, akavaa koti yake, na akaomba pardon juu yangu, kwa Muhindo.

"Bazee," akasema, "sisi tulimukosea Muhindo. Tulisema alitilia ngombe sumu. Muhindo ni mutu muzuri, murefu, alisoma, alibeba viatu mu mukono juu ya sisi. Tunamuomba radhi." Alafu akazunguka, akaikala ku kiti ingine, akajibu: "Mi Muhindo nimesikia. Inaniuma. Ile ndizi nilimupatia Madame niliinyima tumbo yangu." Akarudia ku kiti ya kwanza: "Tunajua, ndugu. Mutu yetu ni mupole, ugonjwa yake ni wivu, na anaugua kila siku, hapana tatu."

Mzee mwenyewe alicheka mupaka kofia ikaanguka. Mi nilikuwa naangalia vidole, na mutanisamehe, lakini nilikuwa bado na wivu: hii moya pia ilikuwa muzuri, na haikuwa yangu.

Mzee Katembo akamaliza: Madame anabaki, amepokelewa. Lakini kabla Masika atoke mu nyumba, kijana alete mbuzi moya ya kuosha ile maneno. "Na mbuzi huyo," akasema, "afike na muguu ine, apite bariere zote."

Kurudi, tulipita tena Beni. Mi nilikuwa na swali, nikaenda ku bureau, ofisi ya dawa ya banyama, nikakuta mama moya agent, ameikala bila kazi juu dawa haikuwa inafika wakati ya vita. Nikamuelezea yote, ukitoa maneno ya koti.

"Ni virusi," akasema. "Ile tududu tudogo tunauma ngombe mugonjwa, tunakunywa damu yake na virusi ndani. Nyuma tunauma ngombe muzima, tunamuachia. Mbu nao banafanya vile. Ile tududu tunazaliwa mu matope yenye mavi ya banyama, ndio maana kule chini ya parcelle mulikuwa mu nyumba yabo. Kondoo nayo iko na ugonjwa yake inabebwa na tududu twa vile, ulimi unakuwa bluu, na ile inaua kupita hii."

"Na dawa?"

"Ya kuua virusi, hakuna. Kivuli, moshi, kumugeuza, kungoja. Mwili wenyewe unatengeneza basoda yake. Yako ilitoka ku baridi, damu yake haikujua hiyo vita, ndio maana alianguka nguvu."

"Na bale basoda bakafika siku ya tatu?"

"Bakafika."

"Bila bariere, bila kuchukua mbuzi ya mutu?"

Akacheka. Muhindo hakukuwa pale. Ile kicheko yote ilikuwa yangu, niliibeba mupaka Masereka.

Ile mbuzi alifika Mabalako nyuma, muguu ine, amelala chini ya magunia ya maragi mu lori ya Papa Ramazani. Ni Muhindo ndiye alipanga. Sitaki kuongeza kitu pale.

Niliyojifunza: ngombe ya mulima ikishuka ku joto, mangaribi iende mu moshi, hata kama mutu mwenye anakuambia amevaa koti. Na ngombe ikilala, hapana mutilia kitu mu kinywa. Mumugeuze tu, mungoje.

Masika ni bibi yangu, mama ya mutoto yetu Paluku. Juzi Muhindo alikuya kutusalimia, akaanza tena ile ya carte d'identité, mbele ya bageni, na Masika akacheka mupaka akaangusha kisu ya viazi. Bageni balipoenda, nikamuambia: "Unajua ile ni yangu. Mi ndiye niliisema ku bariere. Na ile ya bangombe kuota moto ni ya Papa Ramazani. Na mara ingine akikuya..." Nikasema mingi. Yeye alikuwa anamenya tu, kiazi moya, kiazi ingine. Nilipochoka akainua macho, akasema:

"Baba Paluku, Madame alinyamaza siku tatu, akapona. Weye haujajaribu hata moya."